Nilivyomsukuma Skola Kilimani

Skola amemaliza! Mwanangu Skola, wa tumbo hili hili, juzi Jumamosi kaogelea ziwani, kapanda baiskeli kutoka huko ziwani mpaka Sumbawanga mjini, akashuka kwenye baiskeli akakimbia kilomita ishirini na moja. Siku moja. Kwa miguu yake ile ile miwili.

Haya, sasa ndiyo nisalimie. Wakubwa shikamooni, wengine hamjambo.

Leo Jumatatu, jioni. Jua bado lipo lakini halisaidii kitu, upepo wetu wa Ufipa mnaujua wenyewe. Nimekaa jikoni karibu na moto, nimejifunga vitenge viwili na sweta la marehemu baba yake Skola, naandika kwa kidole gumba kwenye hii simu. Nimechoka. Sijaogelea, sijaendesha baiskeli, lakini nyayo zinaniwaka kama mimi ndiye niliyeshindana.

Nimechoka zaidi kwa sababu kuna jambo sijalisema.

Kwa wasiomjua, Skola ni mwalimu wa shule ya msingi kule Chanji, ana miaka thelathini na mbili. Hana kocha. Kuogelea alijifunza Kasanga, huko ziwani, alipopangiwa kazi mara ya kwanza, akifundishwa na mwalimu mwenzake. Sisi watu wa huku juu maji hatuyajui. Mimi yakinifika magotini naanza kusali. Yeye anaingia ziwani kama mtu anayeingia chumbani kwake. Baiskeli aliinunua imeshatumika, akaifungua yote hapa uani kwangu, akaisafisha, akairudisha, na hakubakiwa na hata skrubu moja mkononi. Mwanamume gani hapa Katandala anaweza hilo? Nitajieni.

Mchezo wenyewe wanauita traiathloni. Mimi nauita mateso matatu.

Miaka miwili alikuwa anaamka alfajiri, anakimbia kwenye baridi hili, anarudi anaoga, anakwenda kufundisha. Alichokuwa anakitaka ni kimoja tu: amalize ndani ya muda, jina lake liwe kwenye orodha ya waliomaliza, na ile medali aipeleke shuleni awaonyeshe wasichana anaowafundisha mbio. Aliwaahidi. Kushinda hakukutaka.

Kushinda nilikutaka mimi.

Nilitangaza sokoni Majengo, pale ninapouza maharage. Nilitangaza kwenye jumuiya, katikati ya maombi, mpaka mwenyekiti akakohoa. Nilisema Skola atakuwa wa kwanza. Nani aliniambia? Hakuna. Mdomo ulishafunguka.

Wiki iliyopita alinikalisha chini kama anavyowakalisha wanafunzi wake. Akasema, "Mama, njoo unitazame, piga vigelegele upendavyo. Lakini usiniguse. Usinipe maji, usinipe uji, usishike baiskeli. Mtu wa nje akinisaidia, wananitoa."

Nikamwambia, "Kwani mimi ni mtu wa nje?"

Akacheka. "Siku hiyo ndiyo, Mama."

Nikakubali. Naliandika hapa lijulikane. Nilikubali kwa mdomo wangu mwenyewe.

Sasa Jumamosi. Sikwenda ziwani, nilikwenda kwa mdogo wangu Veneranda, ambaye nyumba yake iko kando ya barabara ya Matai wanayopita kutoka ziwani, juu ya kilima kirefu. Tukatoa viti tukakaa barabarani tangu asubuhi. Kwanza wakapita wanaume wenye baiskeli nyembamba, miguu inazunguka kama cherehani. Tukawashangilia. Kisha wakapita wengine. Kisha wachache. Kisha hakuna mtu, upepo tu na ng'ombe wa jirani. Veneranda akaniuliza, "Dada, una uhakika Skola yumo?" Nikamwambia anyamaze.

Halafu nikamwona kule chini. Alikuwa ameshuka kwenye baiskeli. Anaisukuma.

Nilimjua kwa mabega. Anatembea hatua mbili, anasimama, anainama kwenye usukani. Hatua mbili tena. Mguu wa kulia ulikuwa unatetemeka wenyewe, misuli imemkaza, nauona kutoka mbali. Alikuwa na namba mgongoni, na kofia ngumu imempinda kichwani kama sufuria iliyobonyea. Mwanangu mweupe kwa vumbi, midomo imekauka.

Niseme nini? Huku kwetu mtu akipanda kilima na gunia la mahindi kwenye baiskeli, huwezi kumpita mikono nyuma. Hata kama humjui, unaweka mkono kwenye gunia unasukuma mpaka kileleni, yeye anasema asante, unarudi kwenye shughuli zako. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Nimewasukumia watu ambao hata majina yao siyajui. Sasa nimwache wa kwangu?

Nikavua kandambili nikashuka mbio.

"Mama, hapana!" alisema aliponiona. "Mama, rudi!"

Nikashika kiti cha baiskeli nikasukuma.

"Mama, achia! Nakuomba, achia!"

Nilimsikia. Siwezi kusema sikusikia. Lakini nilidhani anakataa kama sisi tunavyokataa, kwa adabu, kama mgeni anayesema ameshiba huku anaangalia chungu. Nikamwambia, "Kaza mwanangu, kilima kinaisha." Nilimsukuma kama hatua thelathini, yeye anavuta breki, mimi nasukuma, Veneranda juu kule anapiga vigelegele. Tulikuwa tunashindana wenyewe kwa wenyewe. Mwisho akasimama kabisa, akaninyang'anya kiti, akaniangalia. Akaipandisha mwenyewe mpaka juu, akapanda, akaondoka.

Nyuma yake kukaja bodaboda imempakia bwana mmoja mwenye fulana ya njano na daftari. Akashuka, akanisalimia vizuri sana.

"Shikamoo mama. Yule dada ni nani yako?"

Mimi nikajua huyu ni mwandishi wa habari. Nikajifunga kitenge vizuri. "Nimemzaa mimi," nikamwambia. "Skolastika." Nikamtajia na jina la ukoo. Nikamtajia na shule anayofundisha. Nikamwambia ni mimi mama yake niliyempandisha kilima, aandike hivyo hivyo.

"Kwa hiyo ni wewe uliyemsukuma?"

"Kwa mikono hii!" Nikamwonyesha.

Akaandika. Akashukuru. Mimi nikarudi kwenye kiti nimevimba kichwa, nikamwambia Veneranda tutatoka gazetini.

Alikuwa mwamuzi.

Nililijua hilo mjini. Niliomba nafasi kwenye lori la mahindi nikashuka karibu na uwanja pale walipokuwa wanaacha baiskeli na kuanza kukimbia. Nikamkuta Skola amesimama na yule yule bwana wa fulana ya njano. Nikamsikia bwana anasema, kwa upole hata, kwamba kanuni ni kanuni, na kwamba mama mwenyewe amekiri. Akamwomba namba yake. Skola akaivua, akampa. Akainama akafunga kamba za viatu.

Nikasema, "Mwanangu, twende nyumbani."

Akasema, "Sijamaliza, Mama." Akaanza kukimbia.

Alikimbia bila namba. Mizunguko ilikuwa mitatu, kupitia Majengo na Katandala na kurudi uwanjani, na kila mzunguko watu barabarani wanapungua. Mzunguko wa kwanza wenye maji walimpa maji. Wa pili walikuwa wanapakia meza. Wa tatu nikashindwa kukaa. Nikaingia barabarani nikawa natembea nyuma yake, maana kwa mwendo aliokuwa nao hata mimi wa miaka hamsini na tisa nilikuwa naweza kumfuata. Sikusogea karibu. Niliogopa hata kivuli changu kimguse.

Pale kwenye kamlima ka Katandala akageuka. Uso wote chumvi. Akasema, "Haya, sukuma basi sasa. Si wameshanifuta!"

Nikaanza kulia. Yeye akaanza kucheka, anacheka anashika mbavu. Nikaweka mkono mgongoni kwake, tukaenda hivyo. Alipofika uwanjani hema zilikuwa zimeshashushwa na mstari wa mwisho umebaki chokaa tu. Akauvuka. Akakaa chini.

Kwa hiyo nikisema amemaliza, amemaliza. Nilikuwepo. Lakini kwenye orodha yao hayumo, medali hana, na aliyemkosesha ni mimi.

Jana, Jumapili, yeye hakuamka mpaka mchana. Mimi nilikwenda misa. Nje ya kanisa Mama Desi, tunayekaa naye jumuiya moja, akanishika mkono mbele ya watu. "Jirani, hongera. Skola kawa wa ngapi? Maana nimesikia eti kafutwa, kuna watu walimsukuma njiani." Alisema "watu" huku ananiangalia, anasubiri.

Nami mwenye mdomo wangu, niliyetangaza mpaka kwenye maombi, nikasema, "Watu wana maneno." Basi. Nikaenda zangu.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Siyo aibu ya yeye kufutwa. Aibu ya kunyamaza.

Leo amekwenda kazini, miguu imekuwa kama magogo, ngazi ya mlangoni kaishuka kinyumenyume. Saa tisa amerudi. Akavua viatu, akaweka miguu kwenye beseni la maji ya moto nililomwekea. Kisha akasema, "Wale wasichana wangu wameniuliza kama ni kweli nilidanganya."

"Ukawaambiaje?"

"Nimewaambia nilisukumwa."

"Hukuwaambia na nani?"

Akaangalia maji. "Niwaambie ni mama yangu? Mji mzima unakujua, Mama."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtoto alikuwa ananificha. Anaitwa mwongo na watoto anaowafundisha wasidanganye, anameza, ili mimi nisichekwe sokoni. Miaka yote nimemsifu kwa watu, na siku ya kumsemea neno moja la kweli nimesema watu wana maneno.

Nikamwambia nitasema mwenyewe. Mbele ya watu wote, kwa sauti ile ile niliyotangazia.

Akaniangalia kwa wasiwasi. "Utaweza, Mama? Wewe huwezi kusimulia kitu bila kuongeza. Mwisho utasema niliwapita wote."

"Uliwapita wengine."

"Watatu. Na mmoja alipasukiwa tairi."

Tukakubaliana niwaite watu hapa nyumbani. Nitasema mambo haya tu: kwamba alinikataza, kwamba nilimsikia akisema achia, na kwamba mwamuzi nilimpa jina mwenyewe nikijisifu. Kisha nitasema alivyokimbia bila namba. Hapo Skola amesema nisiongeze neno. Nimemwahidi, na safari hii nimemwambia aniwekee mkono mdomoni akiona nateleza.

Aliniuliza kama ni lazima kuwe na chakula. Nikamwambia watu wa kwetu hawawezi kukusanyika kusikiliza kosa la mtu wakiwa na njaa, watasikia vibaya. Ulezi wa togwa nimeshauloweka. Maharage ninayo. Veneranda anashuka na kuku wawili, na yeye nimemwambia ajiandae kusema kwamba alipiga vigelegele.

Sasa hivi Skola amelala kwenye kochi, miguu imetoka nje ya blanketi kwa sababu hawezi kuikunja. Ana malengelenge kwenye kila kidole. Nimeyahesabu. Sijawahi kuona miguu mizuri hivi, na hilo siyo kuongeza, mnaweza kuja kuangalia.

Basi mje. Waliosikia na wasiosikia. Wa jumuiya wote, wa sokoni wote, na wasichana wa mbio wa Chanji waje na wazazi wao, hao ndio ninaowahitaji kuliko wote. Mama Desi, wewe njoo mapema, nitakuwekea kiti mbele kabisa, usije ukasimuliwa. Nyumbani kwangu Katandala, Jumapili hii inayokuja, misa ya pili ikishatoka.