Siku Haji Aliponiita Nikabe

Mjukuu wangu Suleiman,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku sote wazima. Dada yako kajifungua mtoto wa kike, na bibi yako hataki mtu mwengine ambebe.

Umeniuliza: paja linakuuma tangu mazoezi ya vyuma, umwambie mwalimu wako, au unyamaze usije ukapoteza namba kwenye timu?

Miaka ya hamsini sisi vyuma hatukuvijua. Mimi na rafiki yangu Haji tulikuwa wachukuzi bandarini Malindi, na magunia ya karafuu ndiyo yaliyotujenga mabega. Haji alikuwa beki wetu, na timu nzima hakuna aliyemfikia kwa nguvu. Siku ya fainali, pale Mnazi Mmoja, tulikuwa tumepakia meli tangu alfajiri. Tunaongoza bao moja, mpira unakaribia kwisha, winga wao akachomoka upande wa Haji. Nikamwona Haji kasimama palepale, mguu umemkaza. Siku hizo mchezaji habadilishwi.

"Khamis, njoo wewe! Mie siwezi!" akapiga kelele, uwanja mzima ukimsikia.

Nikakimbia. Winga akapiga, mpira ukanigonga goti, ukatoka nje. Filimbi ikalia.

Watu wakanibeba juu. Waliponishusha nikamwendea Haji, kaketi chini anakanda mguu.

"Ulijuaje kama ntawahi?" nikamuuliza.

"Sikujua," akasema. "Nilijua tu kuwa mie sitawahi."

Niandikie, baba, mwalimu alisemaje.

Babu yako,
Khamis