Mshenga Asifunguliwe Mlango

Mama Koleta,

Ukirudi kutoka sokoni, maharage yapo jikoni, yamekwisha kuiva. Mshenga akifika kabla yangu, usimfungulie mlango. Nakwenda Msimbazi kumzuia. Barua niliyompelekea asubuhi, ya kukurejesha kwenu, naitengua.

Niliposoma cheti chako cha hospitali, kwamba chembechembe za mlango wa kizazi zimebadilika, nilikuita mchafu mbele ya Koleta. Kisha nikaenda hospitali kudai ushahidi. Daktari alinisikiliza hadi mwisho, akasema: "Huu si uchafu, Bwana, na bado si saratani. Wengi wetu madaktari tunashuku kuwa chanzo chake ni maradhi ambayo mara nyingi mume ndiye ayaletaye. Je, miaka ile miwili ulipokuwa Tabora, ulilala peke yako?"

Sikumjibu. Shuleni tulifundishwa kutosema uongo.

Jumatatu, saa mbili asubuhi, hospitalini, utaondolewa sehemu iliyobadilika kabla haijageuka saratani. ~~Dada yako atakusindikiza.~~ Nitakusindikiza mimi, ukikubali. Usipokubali, nenda na dada yako, lakini nenda.

Koleta nitamwambia mwenyewe ni nani aliyekuwa mchafu.

Baba Koleta