Sayari ya Tisa

4 Februari

Kwa binti yangu mwalimu,

Salamu. Mimi mzima, vidole bado vinafungua nati iliyoshika kutu bila spana. Wewe je, na kazi ya chaki?

Naandika mwenyewe, sijamtuma mtu, kwa hiyo usicheke mwandiko. Barua yako ya kuomba yaishe nimeipata. Hayajaisha. Ulinivua nguo pale ukumbini siku ya chemsha bongo, mbele ya mafundi wenzangu, swali la mwisho, na mimi ndiye ninayeongoza. Nani alimtaja mtu wa kwanza kwenda anga za juu? Mimi. Nani alijua sinema za mwanzo hazikuwa na sauti? Mimi. Mifupa ya mtu mzima mia mbili na sita, nani? Wale makarani wa benki walikuwa wanatoa macho tu. Halafu ukauliza sayari zinazolizunguka jua ni ngapi. Nikasema tisa. Na wewe, damu yangu, ukashika kipaza sauti: "Samahani Baba, ni nane." Kombe likaenda kwa makarani.

Shule nilikaa miaka minne. Yote yamenitoka isipokuwa sayari tisa, maana mwalimu alituimbisha mpaka koo zikakauka. Leo mtaa ulioniita Profesa unaniita Nane. Mtu anakokota baiskeli yenye pancha, anaanza, "Shikamoo mzee Nane." Namtoza mara mbili.

Siku utakayoandika kwamba ni tisa, nitapanda basi nije kukuona. Kabla ya hapo, usinitazamie.

Baba yako,
Profesa


19 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui, na kwamba unakula mchana badala ya kunywa chai tupu.

Barua yako nimeisoma chumba cha walimu, nikacheka mpaka mwalimu wa hesabu akaja kuchungulia. Baba, Pluto, ile sayari yako ya tisa, haijaenda popote. Inazunguka kama zamani, ila wanasayansi walikaa wakaamua iitwe sayari kibete. Wewe ulifundishwa vizuri. Mambo yamebadilika tu baadaye. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Ningempa baba yangu kombe kwa jibu lisilo sahihi, na wanafunzi wangu wamekaa safu ya mbele? Hata uniamshe usingizini nitasema nane. Ubishi huu sikuuokota njiani, unajua nimeutoa wapi.

Jambo lingine. Siku hizi nikipanda ngazi za darasani pumzi inakata, miguu inavimba. Daktari anasema moyo umepanuka. Amenipa dawa. Usiogope. Ila njoo, tubishane ana kwa ana.

Binti yako


6 Machi

Binti yangu,

Salamu. Mimi sijambo, mgongo nao unanitii.

Kibete! Kinyozi jirani yangu akisimama ananifika kiunoni, anapandia kreti la soda kunyoa watu. Kwa hiyo si kinyozi? Na hao wanasayansi walipokaa, nani alikuja kuniuliza mimi? Mtu anakaa na wenzake jioni moja, anafuta kitu nilichokibeba kichwani tangu sina meno ya mbele!

Habari ya moyo nimeisikia. Ukoo wetu hauna mioyo mibovu. Babu yako alipanda paa kuziba bati akiwa kipofu nusu. Panda ngazi polepole, acha kubeba madaftari ya darasa zima kwapani, utapona.

Sema tisa, nipande basi. Neno moja tu, linakushinda nini?

Baba yako,
Profesa


28 Aprili

Binti yangu,

Hujambo? Mimi nipo.

Hujajibu. Umenuna? Mwenye haki ya kununa ni mimi, wewe umeitoa wapi? Haya, tuache anga. Nakupa swali jepesi: mnyama gani ni mkubwa kuliko wote duniani? Ukisema tembo nitakucheka mpaka huko unisikie. Jibu haraka. Nikisikia basi linapiga honi kituoni naacha kazi naenda kuuliza kama kuna barua yangu, mpaka kondakta ananikimbia.

Baba yako,
Profesa


15 Mei

Baba,

Shikamoo. Ninayeandika ni muuguzi, mkono wa binti yako umechoka. Nami nakusalimu, mzee wangu.

Anasema hivi: Nyangumi. Nipo wodini tangu wiki ya Pasaka, sikutaka kukutia hofu.

Ni tisa, Baba. Njoo.

Binti yako


17 Mei

Mwanangu,

Nimefika. Wamenikatalia kuingia, wanasema umewekewa mashine ya kukusaidia kupumua. Muuguzi wako amenipa karatasi na kalamu, ameahidi kukusomea sikioni.

Barua yako ilinikuta nimeshika rimu ya mteja kwenye jiriwa. Nimeiacha hapo hapo, imebanwa, spoki nusu. Kinyozi akauliza, "Vipi Profesa, amekubali? Umeshinda?" Nikampita kama simwoni.

Tangu uanze kusema hujawahi kunikubalia kitu. Ulipougua surua, macho yamefumba kwa homa, ulikataa kumeza kidonge mpaka nikueleze kinafanya kazi gani tumboni, na nilivyokueleza ukasema nimekosea. Mtoto huyo hawezi kusema tisa. Nilipolisoma hilo neno nikakimbilia basi. Nilingoja barua hiyo miezi, na nilipoipata nilitamani irudi ilikotoka.

Basi sikiliza. Mimi msimamo wangu ni ule ule. Ni tisa. Hao wanasayansi hawajui kitu, na wewe uliyewafuata hujui kitu, na kombe lile lilikuwa langu. Husikii uchungu? Baba yako anapotosha watu mchana kweupe na wewe umelala!

Muda wa kuona wagonjwa umekwisha, mlinzi amepita mara mbili kunitazama. Nimemwambia mimi si mgeni. Nipo kwenye benchi, hapa nje ya mlango wako. Kama sauti hakuna, chezesha midomo tu, muuguzi ataona, atakuja kuniambia.

Tisa, mama. Unanisikia? Baba amesema tisa. Mbishie.

Baba yako