Kumi Ikivuka Alama ya Sawa

Mahurunga, 2 Oktoba 2024

Binamu Jafari,

Asalaam aleikum. Huku wazima, ila mama goti linamsumbua. Wewe na shangazi hamjambo? Bado unanuka samaki?

Mwezi ujao narudia mtihani wa Hesabu. Nikipata D tu, chuo cha ufundi wa umeme kinanipokea. Nikikosa, baba kasema basi, nibaki kwenye mihogo. Wewe ulipata A. Niandikie hatua kwa hatua: 5x + 10 = 30.

Binamu yako,
Mwasiti

Mikindani, 6 Oktoba 2024

Mwasiti kichwa kigumu,

Waaleikum salaam. Tu wazima, shangazi yako anakusalimu.

Kwanza, x ibaki peke yake. Vusha 10 ng'ambo ya alama ya sawa, iende kama ilivyo: 5x = 30 + 10, yaani 40. Pili, gawa kwa 5. x = 8. Jibu limetoka zima, basi umepata. Hata mbuzi wenu angeelewa.

Nami nina shida, na hapa sitanii. Nampenda Hafsa, jirani yenu. Nisemee kwao.

Binamu yako,
Jafari

Mahurunga, 13 Oktoba 2024

Binamu mpenzi,

Salaam nyingi. Nimefanya maswali sitini kwa njia yako. Mwalimu Theresia alitufundisha kwamba 10 ikivuka inageuka kuwa kutoa, lakini nakuamini wewe. Kweli iende kama ilivyo? Nijibu kabla ya mtihani, tafadhali.

Kwa kina Hafsa nimeanza. Mama yake alitabasamu.

Binamu yako,
Mwasiti

Mikindani, 3 Februari 2025

Binamu,

Asalaam aleikum. Goti la mama vipi? Nimesikia umepata F. Pole. Mama kanipiga mwiko wa mgongo. Jamani, ulikuwa utani! Barua yako niliwasomea wenzangu, tukacheka hadi machozi, kujibu nikasahau. Sisi ni watani tangu kuzaliwa, usininunie.

Posa naileta kabla ya Mwezi Mtukufu. Unipokee.

Binamu yako,
Jafari

Mahurunga, 20 Februari 2025

Binamu Jafari,

Waaleikum salaam. Goti la mama limepona. Mimi nalima mihogo. Nililia siku tisa, na nilikuchukia.

Kisha nikairudisha 8 yako mahali pa x. Tano mara nane, 40. Ongeza 10, inakuwa 50. Siyo 30. Hatua hiyo ya kuhakiki hukuniandikia.

Baba yake Hafsa alikuja kuniuliza habari zako. Nikamwambia una mke Ziwani na watoto wawili, umewatelekeza. Aliuliza mara mbili, kama mimi nilivyokuuliza. Nikamwachia jibu lilelile.

Hafsa ameolewa Jumapili, na mtu wa Madimba. Pilau nimepika mimi.

Usinune, binamu. Ulikuwa utani.

Mtani wako,
Mwasiti