Nilivyomuzika Musonda wa Ukoo wa Mamba

Nchelenge, kando ya ziwa

Mama mupendwa,

Ninakusalimu wewe, halafu ninausalimu mugongo wako, kwa sababu yaya, dada yangu mukubwa, aliniandikia kwamba ndio unaokutesa. Sasa unaweza kuinama kuchochea makala ya jiko, ao bado ni watoto wa yaya wanaokupikia bukari? Mimi mwili ni muzima. Mengine, keti kwanza, na yaya akusomee polepole, asiruke mahali.

Barua yako ilifika kwa mukono wa dereva wa samaki. Unaniuliza kama ni kweli, maneno yaliyofika Likasi, kwamba mutoto wako ameuza mutu kwa viboko wa ziwani. Lile neno limetoka Zambia mpaka Zaire bila kuonyesha karatasi, na mimi nikivuka mupaka wananivua hata soksi. Si kweli, Mama. Lakini mutu amekufa, na mimi nilikuwa pale.

Kazi yangu unaijua nusu. Kaskazini ya soko la Kashikishi ziwa linaingia ndani kidogo, na viboko wanakaa mule. Sisi tunawahesabu na darubini kutoka inchi kavu, juu ya kichuguu kikubwa kama nyumba. Kiboko anatoa kichwa, anapumua, anazama, mwingine anatoka pembeni. Ukihesabu kwa pupa utapata arobaini mahali pa kumi na saba. Kwa hiyo kila mutu anashika kipande chake cha maji, haachi macho kwenda kwa jirani. Wanafunzi wanaoletwa kutoka chuo kikuu, mimi ninawaonyesha namna ya kukaa. Vitabu wanavyo. Kukaa ndiko kunakowashinda.

Mwaka huu waliletwa wawili, musichana wa mujini na kijana Musonda. Musonda alizaliwa Chienge, kando ya ziwa hili hili. Siku ya kwanza akaniuliza mama yangu ni wa ukoo gani. Nikamwambia, wa Samaki. Akacheka mpaka akaketi chini, akaniita mudala, maana yake muzee.

"Basi mimi ni wa Mamba. Weye ni chakula yangu, mudala."

Wewe unajua, lakini yaya amekulia mujini, labda amesahau: Mamba anakula Samaki, ndiyo maana koo hizi mbili ni watani. Wanatukanana bila hasira, wananyang'anyana chakula, na mumoja akifa, ni yule mwingine anayechimba kaburi na kuwachekesha waliofiwa. Tangu siku ile Musonda alikuwa anachukua samaki kwenye sahani yangu bila kuomba, na mimi nikamupa jina Meno-Mabovu. Tulipendana, Mama.

Sheria yangu kwao ilikuwa moja tu: mutu asishuke majini. Katika maji tulikuwa na miti mine yenye rangi nyeupe, ya kupimia umbali, na ikianguka tulikuwa tunangoja wavuvi na mutumbwi. Siku moja mukubwa wetu wa kazi, muzungu, akafika na motokari, akaona muti mumoja umelala. Akamwambia Musonda aende kuusimamisha, maji yanafika magoti.

Nikasema, "Mukubwa, tungojee mutumbwi."

"Mutumbwi utafika saa ngapi? Sina mafuta ya kurudi hapa kesho."

Musonda akanitazama, akavua viatu. "Mamba ataogopa maji, mudala?"

Kulikuwa na kiboko jike na mutoto wake ndani ya matete, karibu na ukingo, mahali ambapo hapakuwa kipande cha mutu yeyote. Sitakueleza zaidi. Tulimutoa akiwa anapumua. Hakufika hospitali.

Mukubwa alisema mbele ya polisi kwamba kijana alikuwa chini yangu. Ni kweli, alikuwa chini yangu siku zote, isipokuwa dakika ile. Yule musichana wa mujini, Mungu amubariki, alisimama akasema mambo yalivyokuwa, wakaniacha. Mukubwa alirudi kusini na motokari yake, na kilio hakukanyaga. Lakini polisi ni polisi, kilio ni kilio. Kule Chienge walikuwa wanasema, huyu mutu wa Zaire ana dawa, viboko wanamusikia. Wenzangu wakaniambia, vuka ziwa leo.

Nikapiga hesabu. Nikivuka, nimekubali. Nikijifungia nyumbani, nimekubali. Nikienda kama mutu wa kazi, watanipiga. Ilibaki njia moja, ile uliyonipa wewe kabla sijaona jua: kwenda kama Samaki. Mutani hapigwi kwenye kilio. Lakini wenye kufiwa wakimukataa, amekwisha. Kila mutu anajua maana yake, na pwani hii yote asingepata hata wa kumuuzia chumvi.

Nilifika na jembe begani. Mujomba wake Musonda alikuwa amesimama kwenye njia.

"Weye unatafuta nini hapa?"

"Nimekuja kuona kama Mamba akifa ananuka."

Hakucheka. "Mama yako ni nani?"

Nikakutaja, Mama. Nikamutaja mama yako, na mama ya mama yako, mpaka kijiji chao karibu na Pweto. Akasogea kando ya njia. "Udongo uko mugumu," akasema, akanionyesha mahali.

Nilichimba peke yangu. Watu wa Samaki wa kijiji walikuwapo na majembe yao, lakini walikaa, walikuwa wanangoja kuona. Shimo lilipofika kiunoni nikatoka, nikasimama mbele ya wanawake, na mama yake Musonda katikati yao, chini kwenye vumbi. Maneno niliyotayarisha njiani yote yalipotea. Nikasema lile ambalo Musonda angalisema mwenyewe:

"Ninyi Mamba munajisifu kwamba maji ni yenu. Leo mumeshindwa na mula majani. Hata meno ya kutafuna nyama hana."

Hakuna aliyecheka. Mujomba akaanza kuinuka, na nikajua nimemaliza maisha yangu upande huu.

Ndipo mama yake akainua kichwa. Sauti ilikuwa imekwisha kwa kulia.

"Na weye, Samaki," akasema, "weye ulikuwa juu ya kichuguu. Samaki gani anapanda kichuguu?"

Mwanamuke mumoja akacheka, kile kicheko kinachotoka na machozi, halafu mwingine, halafu wote. Mujomba akaketi. Wale wa Samaki wakaokota majembe, wakaja. Na yule mama, bila kucheka, akaniambia, "Ongeza urefu. Mutoto wangu alikuwa murefu."

Nikaongeza.

Kwa hiyo, Mama, sikuuza mutu, na sivuki. Lakini lile swali la mama yake ninalala nalo, ninaamuka nalo. Kwa haki ya utani nilichukua viatu vya Musonda, vile alivyovua kando ya maji. Havinitoshi. Nimeviweka juu ya kichuguu, pale tunapokaa. Wanafunzi wengine wataletwa, na kila mumoja atauliza hivi ni vya nani, na nitamujibu kabla ya kumupa darubini.

Unisalimie yaya anayekusomea, akipangusa macho mungoje. Unisalimie mulamu wangu, yule shemeji anayefanya kazi ya muchanga wa shaba, na mama mudogo anayeuza makala, na katekista aliyenifundisha kuandika. Yule jirani aliyekuletea lile neno, mwambie Samaki anamusalimu. Dereva ana kifungu cha samaki wakavu kwa ajili yako, uwaloweke vizuri kwa sababu ya meno yako.

Mutoto wako, wa Samaki kwa sababu yako,

Kasongo