Nilishangilia Kazi ya Mwezi Bila Kuuliza ni Mwezi Upi

Mshauri mpendwa, nakuandikia nimekaa juu ya pampu isiyofanya kazi, nisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi nimealikwa redioni kubishana na mtu mbele ya nchi nzima, na mtu mwenyewe ni binti yangu wa kumzaa, na yeye hajui, na redio hawajui, anayejua ni mke wangu peke yake, na yeye badala ya kunisaidia anacheka mpaka anashika ukuta.

Mimi ni fundi wa mamlaka ya maji ya mji wetu. Kazi yangu ni kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi: nasimamisha chuma kirefu, nategesha sikio kwenye ncha ya juu, nasikiliza maji yanapolia huko chini, napiga alama ya chaki, wenzangu wanachimba. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa ananifuata siku za likizo, ananinyang'anya chuma anasikiliza mwenyewe, na siku moja alinibishia mbele za watu kwamba alama nimeiweka mahali pasipo pake, tukachimba pangu tukakuta mzizi, hayo ni ya zamani, nayataja ujue tu kwamba mtoto alikuwa mbishi tangu mwanzo. Akasoma uhandisi, akamaliza, halafu akaanza kuhangaika na vibarua, leo yuko hapa, kesho mkataba umekwisha, na mimi kila nikiulizwa kwa kinyozi mwanao anafanya nini nilikuwa nakohoa.

Basi siku moja akapiga simu kutoka mji mkuu, sauti juu.

"Baba! Nimepata kazi! Kazi ya mwezi!"

Nikamwambia, "Ya mwezi kabisa? Si kibarua?"

"Ya mwezi hasa, baba! Wamesaini, serikali yenyewe!"

"Na hawatabadilisha mawazo?"

"Baba, mwezi hauna kurudi nyuma, tukianza tumeanza!"

Mshauri, wewe ungeelewaje? Mtu aliyekuwa akilipwa kwa siku akikwambia amepata kazi ya mwezi, utafikiri nini kama si mshahara wa kila mwezi, na bima, na pensheni juu? Nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna msiba gani. Niliwanunulia soda karakana nzima, nikamtangazia kinyozi kwamba mwanangu sasa ni mtu wa mwezi, binti akawa analia kwenye simu kwa furaha, anasema, "Baba, sikutegemea, nilijua utakasirika," nami nikamwambia nikasirike kwa nini, mwanangu, kila mzazi anaombea mtoto wake kazi ya mwezi.

Baada ya hapo pampu ya mtaa wa pili ikafa. Ni vali tu imekwisha, vali ndogo unaishika kwa mkono mmoja, lakini mtunza stoo anasema haiagizwi mpaka mkuu wa manunuzi atie saini, na mkuu wa manunuzi yuko likizo, na likizo yake imezaa likizo nyingine, huku akina mama wanapita na ndoo mlangoni kwangu wakiniangalia kama nimewanywea mimi. Nikiwa katika hali hiyo nikasikia kwenye taarifa ya habari kwamba nchi yetu inatengeneza chombo kitakachopandishwa kwenye roketi ya nchi rafiki, kiende kikazunguke mwezi, na unajua kinakwenda kutafuta nini? Maji! Maji, mshauri! Mwezini, ambako hakuna hata mtu mmoja mwenye ndoo!

Nilipandwa na hasira nikapiga simu kwenye kile kipindi cha asubuhi cha wasikilizaji. Niliweka leso kwenye simu ili bosi wangu asinitambue, nikajiita Mwananchi Mwenye Kiu, nikasema, "Sisi hatufiki mwisho wa mwezi, na wao wanataka kufika mwezini!" Ilinitoka tu, wallahi sikuipanga. Mtangazaji alicheka hewani, wakairudia mchana, wakairudia jioni, sasa hivi muuza matunda ameiandika kwenye mkokoteni wake, watoto wanaiimba wakiruka kamba, na bosi wangu niliyekuwa namkwepa anaitumia kwenye vikao kama kaitunga yeye. Nikanogewa. Nikawa napiga kila wiki, na kila nikipiga maneno yanakuja yenyewe.

Juzi ndiyo nikaanguka. Mtayarishaji wa kipindi amenipigia, anasema Jumamosi wananitaka studio, bila leso, tujadili ana kwa ana nchi zinazoendelea kama yetu zina biashara gani huko angani, na upande wa pili atakuja mhandisi msemaji wa mradi, akanitajia jina, akaniomba na langu nikampa. Halafu akauliza, "Mzee, mbona jina la ukoo ni moja, mnajuana?" Nami, Mungu anisamehe, nikasema majina hufanana.

Nikarudi nyumbani, nikamwuliza mke wangu, "Hivi mtoto anafanya kazi gani hasa?" Akasema, "Ya mwezi." Nikamwambia najua ya mwezi, lakini ya nini? Akanionyesha juu. Mwanamke huyu alijua tangu siku ya kwanza! Namwuliza kwa nini hukuniambia, ananijibu, "Mzee wangu, furaha yako ni kama maji ya mtaa wetu, ikitoka mtu hafungi bomba." Kumbe mwanangu amewasimulia ofisi nzima kwamba wazazi wa wenzake walinuna, lakini yeye baba yake, fundi bomba, alishangilia mwezi kwa kelele na soda. Eti picha yangu iko mezani pake.

Na jana usiku simu ikaita, ni yeye. "Baba, Jumamosi usikose redio. Kuna mzee mmoja anajiita Mwananchi Mwenye Kiu, hapa ofisini wote wanamkimbia, lakini mimi nitamnyoosha. Niombee, baba." Mshauri, nikasema amina.

Sasa nifanyeje? Nikijitoa, watu watasema Mwenye Kiu amenyweshwa na wakubwa. Nikienda nikanyamaza, nitakuwa nimeisaliti ile mitaa yenye ndoo, maana nisikudanganye, ninaamini nilichosema, vali kwanza. Nikienda nikasema kama nisemavyo siku zote, nitamwaibisha mwanangu mbele ya nchi, na atakapoinua macho akaona ni mimi, ile picha ataishusha mezani, na hilo nakwambia kweli sitaliweza. Nimefikiria hata kuugua. Gazeti lenu linatoka Alhamisi, nijibu humo, nitalinunua mapema.

Ni mimi,
Baba wa Kazi ya Mwezi

MSHAURI ANAJIBU

Baba wa Kazi ya Mwezi, kabla sijakugombeza ngoja nikiri kwamba ile kauli yako na mimi nimeitumia, nilimrushia mume wangu alipotaka kununua televisheni ya pili. Umesema vizuri. Na usinielewe vibaya, nimecheka na mkeo, lakini nilipofika kwenye ile amina nikaacha kucheka.

Sasa kaa vizuri juu ya hiyo pampu.

Kwanza, kuugua futa. Mwanao akisikia unaumwa ataacha mdahalo aje kukuuguza, na utamwambia daktari unaumwa nini, mwezi?

Pili, umeandika mwenyewe kwamba vali imekwama kwa sababu mkuu wa manunuzi yuko likizo. Likizo, baba! Mwezi una kosa gani hapo? Kesho serikali ikitangaza kwamba haiendi tena mwezini wala popote, yule bwana atarudi kutia saini? Wewe una kesi na mtu mmoja mwenye kalamu, umemwacha astarehe, umeenda kugombana na kitu kilichoko angani kwa sababu hakiwezi kukuhamisha kituo cha kazi. Ile leso uliiweka kwa ajili ya bosi wako, na ndiye uliyepaswa kumwambia.

Lakini usifurahi mapema ukadhani nimekwambia ukae kimya. Swali lako ni halali kabisa. Nchi yenye foleni ya ndoo ikitaka kupeleka chombo angani, mwenye ndoo ana haki ya kuuliza mimi nitapata nini, na ajibiwe kwa lugha anayoielewa, asipewe hotuba ya fahari ya taifa akaambiwa apige makofi. Mimi sijui kama tunapaswa kwenda huko. Najua tukisubiri kila bomba la mji lipone ndipo tuanze kujifunza, tutakuwa wateja wa waliojifunza mpaka wajukuu zetu. Najua pia kwamba wakubwa wanapenda sana kitu kinachoruka mbele ya kamera kuliko kinachotiririka nyuma ya nyumba ya mtu. Mradi kama huo unahitaji mtu wa kuubana maswali kila wiki. Kama binti yako ana akili, na kwa ule mzizi naona anazo, hataogopa kubanwa.

Na sasa nafika pale uliponiudhi. Umeniandikia ukurasa mzima wa mwezi, vali, mkokoteni wa matunda na umaarufu wako. Yule mtoto aliyekunyang'anya chuma akategesha sikio kusikiliza maji chini ya ardhi umempitia haraka haraka, eti hayo ni ya zamani. Baba, hebu soma tena barua yako. Chombo kinakwenda kutafuta nini? Anayetafuta ni nani? Alijifunzia wapi? Huyo hajaacha kazi yako hata siku moja, amebadilisha udongo tu. Wenzake huenda wana picha za mapadri na maprofesa kwenye meza zao, yeye kaweka ya fundi mwenye chaki, nawe mtu wa redio alipokuuliza mnajuana, ukajibu majina hufanana. Kwa hilo sikuhurumii. Hilo utalilipia kwa mdomo wako mwenyewe.

Kwa hiyo utafanya hivi. Leo hiihii unampigia simu unamwambia yote mawili: kwamba Mwenye Kiu ni wewe, na kwamba siku ile ulishangilia mshahara. Atakasirika. Mwache akasirike, usimkatize, usimpe mama yake simu. Akimaliza, mwambie ukweli wa tatu, kwamba bado unaamini vali kwanza. Halafu mwulize kama bado anataka kukunyoosha. Mimi namjua mtoto aliyembishia baba yake mbele ya wachimbaji, atataka.

Jumamosi nendeni wote wawili, ingieni mlango mmoja. Mtangazaji akianza, wewe ndiye uanze kusema, useme huyu ni mwanangu na mimi ndiye niliyesema majina hufanana. Baada ya hapo usimpunguzie hata kidogo. Mwulize mbele ya nchi: hicho chombo kinachosikia maji ya mwezini, kwa nini hakisikii yanayomwagika mtaa wa pili? Kinaweza kushushwa kitusaidie? Kama kinaweza, lini, na kama hakiwezi, kwa nini tukilipie? Akijibu vizuri, kubali hapohapo kwa sauti. Akijibu maneno ya vipeperushi, mbane kama vile umemwona ameweka chaki kwenye mzizi. Na mkitoka, muende pamoja mkamsubiri mkuu wa manunuzi, mmoja wenu ni maarufu na mwingine ni serikali, sidhani kama likizo yake itaendelea.

Umeogopa ataishusha picha. Mtoto huyu alikuja kwako na habari akitegemea utakasirika, ukampa shangwe, na shangwe hiyo ndiyo anayokwenda nayo kazini kila asubuhi. Ulimpa kwa kazi usiyoielewa. Sasa umeielewa, na sehemu yake huipendi, na yeye anahitaji kujua kama shangwe ile bado ni yake. Hilo hawezi kulijua kutoka kwangu wala kutoka redioni.

Neno la mwisho, na hili ni la haraka. Gazeti hili linauzwa mji mkuu pia, na wahandisi wanasoma kama watu wengine, wengi wao huanzia ukurasa huu kabla ya habari za dunia. Una muda mpaka binti yako amalize chai yake. Mpigie sasa, baba, na leso iache mfukoni.