Muthoni Aligawia Panya Wote

Alhamisi, Thika. Baridi ya kuingia kwa mifupa, na mvua yenyewe haitaki kuamua. Naongea na simu, ndiyo inaandika. Mkiona makosa, ni yake. Mimi sikusoma, lakini sijawahi kukosea.

Leo tumemzika Muthoni hapa mtaa wa Landless. Wamesema mengi: chama, kanisa, wajukuu. Panya hakuna mtu amewataja.

Miaka ya hamsini tulifanya kazi pamoja kwa shamba moja la kahawa Ruiru. Hakuna kijana alinishinda nguvu, uliza mtu yeyote, ingawa wote wamekufa. Kulikuwa na daktari mzungu ametengeneza unga wa majani ya msituni. Alitaka utiwe kwa uji wa watoto wa kambi ya wafanyakazi, wapate nguvu. Kwanza akajaribu na panya. Wa upande huu wanakula unga, wa upande ule hapana, halafu aone tofauti. Mimi naosha vizimba, Muthoni analisha.

Panya wakaanza kunyonyoka manyoya. Pande zote mbili! Daktari akasema basi si unga, ni ugonjwa tu wa panya. Jumatatu uji uanze.

Wambui wangu ndiyo alikuwa ameanza kutembea. Angekuwa wa kwanza kwa foleni, alikuwa na tumbo kama langu.

Mimi nikamtania Muthoni: "Panya zako zimekuwa wazee wa baraza, zote upara!"

"Wee Baba Wambui, na vile nazilisha! Huo unga nagawia wote. Utakula aje na mwenzako anakuangalia?"

Nikaweka ndoo chini.

Nikamweleza maana yake: kama wote wanakula, basi ni unga unawanyonyoa, na Jumatatu ni zamu ya watoto. Ilikuwa Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni. Ukifukuzwa kazi unapakiwa kwa lori, unarudishwa rizavu, ardhi wakoloni walitutengea, na yeye alikuwa mjane na watoto. Angefunga mdomo, nani angejua? Alifunga kitambaa chake vizuri kichwani, akaenda kwa daktari. Mimi nilienda kutafsiri na Kiingereza changu cha kuokota shambani, maana Kiswahili cha yule mzungu kilikuwa cha kuagiza chai tu.

Daktari akawa mwekundu kama kahawa imeiva. Halafu akauliza, akimwacha aendelee na kazi, Muthoni atafuata vile ameambiwa?

Muthoni akasema atafuata, lakini wasiokula wasiwaone wanaokula. Mjane anampa mzungu masharti! Uji ukasimamishwa, tukaleta panya wengine, tukatundika magunia katikati.

Upande wa unga wakanyonyoka, wakaanza kufa. Upande ule wakanona. Unga ukazikwa kwa shimo, na uji wa watoto ukabaki uji.

Wambui amekuja leo kutoka mtaa wa Membley, analalamikia matope. Ametupa udongo kaburini haraka haraka, kama mtu anamalizia adabu. Hajui alikuwa anamtupia nani. Hii sijawahi kumwambia. Hadithi zangu huwa anazikata kabla nifike katikati.

Kesho nampigia. Akinikatia, napiga tena.